Bomba Lina Kikohozi, Asiyelala Ni Mimi

Kuna watu Mwenyezi Mungu amewajalia usingizi, na kuna sisi aliotujalia masikio. Mke wangu yumo katika kundi la kwanza. Bomba linalopandisha maji kwenye simtanki limepita ndani ya ukuta wa chumba chetu, tena upande wa kichwa chake, na bado kila asubuhi yeye ndiye huniuliza mimi mbona macho yamevimba. Nikimweleza kwamba bomba limepiga kelele usiku kucha, hunitazama kwa huruma, kisha huuliza kama nimepima presha karibuni.

Presha iliyo katika nyumba hii haimo mwilini mwangu. Imo ukutani.

Mimi nimekulia katika nyumba ambayo maji yalikaa mtungini, na mtungi haukuwahi kumwamsha mtu. Ukitaka maji unachota kwa kata, ukimaliza unafunika, basi. Leo tumeyaleta maji mpaka bafuni, jikoni na juu ya paa, tumeyapitisha ndani ya kuta, nayo yamekuja na maneno yake. Kila mtu nyumbani ana tafsiri yake ya maneno hayo. Shangazi anasema kuna viumbe. Fundi anasema kuna laki mbili na nusu. Mwenye nyumba anasema hasikii kitu. Mimi, kwa kuwa ndiye ninayekesha, nimeamua kujua kila mlio unatoka wapi na unataka nini. Ukishanyimwa usingizi, haki yako iliyobaki ni kujua aliyekunyima.

Tuanze na kikohozi.

Maji ya mtaa wetu huja kwa zamu, na zamu yetu inapenda sana saa tisa za usiku. Kabla ya maji hutangulia hewa. Bomba likikatiwa maji siku mbili tatu, yale yaliyobaki ndani huteremkia kwa waliojenga bondeni, na kila koki iliyosahauliwa wazi inavuta hewa kujaza nafasi. Maji yakirudi yanaikuta hewa imekaa njia nzima, nayo hayana subira, yanaisukuma. Hewa inabanwa, inajitanua, inatafuta tundu, na tundu la kwanza ni koki ya bafuni kwangu. Hhhhhh! Kisha pwa! pwa! Kisha bomba zima linatikisika, ngrrrrr, yanatoka maji ya rangi ya chai, linanyamaza kidogo kuvuta pumzi, na linaanza upya.

Wakati huo mita, pale nje, inazunguka kwa furaha zote. Mita hizi za mtambo hazina pua ya kutofautisha hewa na maji. Kinachopita kwa kasi kikasukuma kile kigurudumu cha ndani, zinakihesabu. Kwa hiyo mimi, mkazi wa Dar es Salaam, mji ambao bahari inaupulizia upepo wa bure asubuhi na jioni, nimo katika orodha ya watu wanaonunua upepo kwa uniti.

Wala usidhani kisa hiki kimeanzia uswahilini. Mrumi mmoja, Vitruvius, aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliwaonya mafundi wa zama zake wafungulie maji taratibu, maana hewa inayozuka ndani ya mfereji ina nguvu ya kupasua hata mawe. Akaongeza ushauri mwingine: siku ya kwanza ya kufungulia maji, tanguliza majivu, yakazibe viungio ambavyo havikuzibwa sawasawa. Miaka elfu mbili imepita. Fundi wangu hajawahi kumsikia Vitruvius, lakini hilo la kuziba bomba kwa chochote kilicho karibu analijua kwa moyo.

Dawa ya kikohozi ni ndogo. Geti valvu ya kuingilia isiachwe wazi yote, maji yaingie kwa adabu, na koki ya juu kabisa ilegezwe kidogo ili hewa ipate pa kutokea bila kugombana na mtu. Nimewaeleza wenzangu. Tatizo ni kwamba mtaa hautaki bomba langu lipone. Majirani wana mabomba mapya yaliyofukiwa vizuri. Maji yakija kwao hayatoi hata sauti ya kuomba radhi. Kwa hiyo wanasikiliza la kwangu. Likikohoa tu, taa zinawaka nyumba ya tatu, madumu yanagongana uani, na mtu ananigongea dirisha:

"Baba, yameingia?"

Yameingia, mama. Usingizi ndio umetoka.

Sasa njoo kwenye gongo. Shangazi yangu alikuja kutoka Pangani kutibiwa macho. Macho yakapona, akahamia kwenye mabomba. Usiku wake wa kwanza aliamka kuswali, akasikia ndani ya ukuta wa jikoni: du! Du-du-du! Asubuhi akaniita pembeni.

"Mwanangu, nyumba hii mliisomea kabla ya kuingia?"

"Shangazi, tulilipa kodi ya miezi sita."

"Sikukuuliza kodi."

Jioni ile bafu lilifukizwa ubani mpaka taulo zikanuka Idi. Gongo likasubiri watu waswali Isha, likaendelea.

Mwenye gongo mimi namjua. Ni kijana wangu wa kidato cha nne, anayesoma usiku na kushuka jikoni kunywa maji, akishirikiana na koki ya kisasa, zile za robo mzunguko. Koki ya zamani ilikuwa ya kuzungusha; mpaka uifunge umeshafikiria mambo mawili matatu, na maji nayo yamepata muda wa kupunguza mwendo. Hii ya sasa inafungwa kwa kofi moja. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 10 lina zaidi ya kilo nzima ya maji ndani yake, na kilo hiyo iko safarini. Ukiifungia mlango ghafla, inaugonga. Mshtuko unarudi nyuma mbio ndani ya maji mpaka mwanzo wa bomba, unageuka, unarudi mbele, na kila safari bomba lililolegea linapiga ukuta.

Aliyelipigia hesabu jambo hili akaeleweka ni Mrusi, Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya maji mjini Moscow mwaka 1897 na 1898. Alionyesha kwamba presha inayoongezeka inategemea kasi ya maji uliyoizuia na kasi ya ule mshtuko ndani ya bomba. Katika bomba la chuma mshtuko hukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Zuia ghafla maji yanayokwenda mita 1 tu kwa sekunde, yaani mwendo wa kutembea polepole, na presha inaruka kwa zaidi ya bar 10. Presha ya kawaida ya bomba la nyumbani ni bar 2 hadi 4. La plastiki lina nafuu, maana kuta zake hutanuka kidogo na mshtuko unapungua kasi, lakini kofi la usiku baada ya usiku hatimaye hufungua kiungio, na kiungio kikifunguka hakichagui siku ambayo uko nyumbani.

Nilimweleza Shangazi haya yote, pamoja na bar zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akauliza:

"Na huyo Mrusi, alikuwa anaswali?"

Pigo hili la maji wengine wamelifanyia kazi badala ya kulifukizia ubani. Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yule aliyerusha puto la hewa moto na nduguye mwaka 1783, alitengeneza mwaka 1796 mtambo unaolitumia pigo kupandisha maji mlimani bila injini wala makaa. Valvu yake hujifunga ghafla makusudi, pigo linarusha maji machache juu, valvu inafunguka, inajifunga tena, mchana na usiku. Zhukovsky naye, sifa yake kubwa kwao Urusi ni elimu ya ndege. Naona kila aliyekaa karibu na mabomba kwa muda mrefu alitafuta namna ya kuondoka ardhini, na namwelewa.

Basi, dawa ya gongo ni kufunga koki taratibu. Haina gharama hata senti. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeitilia maanani nyumbani, tukaita fundi.

Fundi bomba hakuulizi unaumwa wapi. Anaingia, anatazama juu, anatazama chini, anasonya, kisha anauliza: "Bosi, nani alikufungia hii?" Hilo ndilo swali lao la ufunguzi, na jibu lolote utakalotoa ni kosa. Ukimtaja mtu, "Ahaa, huyo." Usipomtaja, "Alikuwa anajifunza huyo." Wa kwangu aligonga ukuta kwa mpini wa spana, akaweka sikio, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Hapa bosi tusidanganyane. Ni kuvunja ukuta, tubadilishe mfumo mzima."

"Kwa kelele tu?"

"Leo kelele. Kesho utaogelea."

Nikamwomba, kabla hatujaogelea, atazame nyuma ya sinki la jikoni. Pale bomba linatoka ukutani, linapinda kwenye elbo na kupanda kuelekea dirishani. Katika kipande chote hicho, karibu mita mbili, limeshikwa na msumari mmoja wa inchi tatu uliokunjwa, na chini ya msumari mtu alitia kipande cha tyubu ya baiskeli, ambacho siku zake kilikuwa laini na sasa kimekauka mpaka kimechanika katikati. Mahali bomba linapogusa ukuta rangi imebanduka kwa duara dogo la ukubwa wa sarafu, plasta inaonekana, na ukiinama vizuri unaona unga wake mweupe umelala juu ya elbo. Juu kidogo pana duara jingine, bichi zaidi. Bomba limeachiwa nafasi ya kucheza, nalo linacheza.

"Unaona?" nikamwambia.

"Naona," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeaga laki mbili na nusu.

Alifunga klipu nne na raba zake. Akaongeza kijibomba cha wima karibu na koki, kimezibwa juu, ili hewa ibaki humo ndani na kulipokea pigo kabla halijafika ukutani. Kazi haikuchukua hata muda wa chai. Alinidai hela ya klipu, hela ya ufundi, na hela ya "kuja kuangalia", ingawa aliyeangalia ni mimi.

Gongo likapungua. Ndipo nikaanza kuzisikia zile sauti lililokuwa limezifunika.

Jioni, jua likishazama: ti. Ti-ti. Ti. Hilo ni bomba la PVC lililolazwa juu ya bati, limeshinda juani tangu saa mbili asubuhi. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Mita 10 za PVC zikipata joto la nyuzi 20 zaidi hurefuka kwa zaidi ya sentimita moja, na zikipoa hurudi zilikotoka, zikijikwaruza kila mahali zinapogusa bati na mbao. Halidhuru, ni bomba linajinyoosha baada ya kazi. Lakini mke wangu, ambaye halisikii gongo la bar 10 kichwani pake, hili alilisikia toka sebuleni, televisheni ikiwa imewashwa.

"Panda juu, kuna paka."

"Siyo paka. Ni fizikia."

"Basi panda ukaifukuze."

Kisha kuna wimbo. Maji yakikaribia kujaa kwenye simtanki, ukuta mzima unaimba: uuuuuuuu, sauti nzito, haina ubeti wala kiitikio. Huyo ni boya. Boya likipanda na maji linaifunga valvu kidogo kidogo, mpaka unabaki upenyo mwembamba ambao maji hupita kwa kasi kubwa, yakiitetemesha washa. Juu ya tangi kunakuwa na viwimbi, viwimbi vinalirusha boya, boya linafungua, linafunga, linafungua, na mtetemo unateremka na bomba mpaka kwenye mto wangu. Maji husafirisha sauti kwa takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, kwa hiyo bado boya halijamaliza kutetemeka huko juu, taarifa nimeshapata huku chini. Ukimsikia, badilisha washa, au punguza koki ya kuingilia, presha ishuke. Koki ya sinki nayo ikipiga mluzi ukiifungua nusu, kisha ikanyamaza ukiifungua yote, ni washa hiyo hiyo imechakaa, ila ya mahali pengine. Washa ni kipande cha raba cha bei ya andazi. Nyumba yangu imekaa inaimba muda wote huu kwa kukosa bei ya andazi.

Sauti ambayo haitaki mjadala ni ya pampu. Tunayo ndogo, ya kujiwasha, inayoongeza presha ya maji yanayotoka simtanki kuja bafuni. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na nadhani walikuwa wanaizungumzia hii. Simtanki likiishiwa, au chujio la pampu likiziba, inavuta na haipati cha kutosha. Ndani yake vinaumbika vipovu, vinapasuka, na pampu inasikika kama inatafuna kokoto. Vipovu hivyo, vidogo hivyo, hula chuma. Vikipasuka mfululizo vinaacha vijishimo kwenye pangaboi la ndani, na pampu inayoendelea kuzunguka bila maji inapata moto mpaka inaunguza seali yake. Mlio huo ni wa kuruka kitandani na kuchomoa waya. Binti yetu wa kazi aliusikia mchana kutwa, na niliporudi akanipa habari njema: "Baba, pampu leo imefanya kazi sana."

Lakini nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye hela. Wahenga wana methali mbili zinazogombana: mwenye kelele hana neno, na kimya kingi kina mshindo mkubwa. Katika mambo ya mabomba zote mbili ni kweli, na watu tunaifuata isiyofaa. Kikohozi kinachoamsha mtaa mzima ni hewa inapita, kesho hakipo. Bomba la juani linajinyoosha tu. Gongo lina neno, nakubali, lakini linalisema waziwazi na mwenyewe unalijibu. Kinachokuchuna mfukoni ni kile ambacho hata mimi mwenye masikio haya ilibidi nikae kitandani nikitafute.

Saa nane za usiku. Hakuna mtu msalani, hakuna koki iliyofunguliwa, kijana amelala juu ya daftari lake. Pampu inasema: nnng-ka. Sekunde mbili. Kimya. Muda unapita, unaanza kusinzia. Nnng-ka.

Pampu ya namna hii haijiwashi kwa ndoto. Inawaka presha ikishuka bombani, na presha haishuki bila sababu. Kuna mahali maji yanatoka, na kama hayatoki mbele ya macho yako yanatoka nyuma ya mgongo wako. Watu hudharau tone. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Lita moja ina matone yapata 4,000. Piga hesabu, ni zaidi ya lita 20. Hiyo ni ndoo kubwa nzima kila siku, ndoo thelathini kwa mwezi, na katika mtaa ambao watu wanaamka saa tisa kugombea ndoo. Na koki inayodondoka angalau ina heshima, inasema ti, ti. Choo hakisemi. Raba ya chini ya tangi la kuflashia ikichakaa, maji huteleza kwenye ukuta wa bakuli kimya kimya mchana na usiku, wala bakuli halionyeshi kiwimbi.

Kipimo chake ni rahisi. Tia rangi kwenye lile tangi la choo usiku, mtu asiflashi, asubuhi tazama bakuli. Likiwa na rangi, umempata mwizi. Rangi ya chakula nyumbani haikuwepo. Kwenye friji kulikuwa na jagi la juisi ya rozela, nzito, nyekundu, ambalo mke wangu aliliandaa kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Nikapunguza kiasi kinachotosha sayansi. Nikatangaza kwamba choo cha ndani kimefungwa mpaka asubuhi, kila mwenye haja aende cha uani. Tangazo likamfikia kila mtu isipokuwa Shangazi, aliyekuwa amelala tangu Isha.

Alfajiri nyumba iliamshwa na ukelele. Na ukelele wa mwanamke wa Pangani hauhitaji pampu ya kuongeza presha.

Nilimkuta mlangoni mwa choo, kanga kichwani, birika la udhu mkononi, kidole kimeelekezwa kwenye bakuli jekundu.

"Nilisema mimi! Mwanangu, nilisema au sikusema?"

Watoto wakajazana ukumbini. Binti wa kazi akatangaza kwamba mwezi huu ukiisha anarudi kwao, kisha akafikiri, akasema hapana, anarudi leo. Mke wangu, ambaye bomba la ukutani halijawahi kumfanya hata ageuke ubavu, alifika akiwa macho makavu kabisa. Akawapangua watu, akainama, akanusa, akasimama wima, akanigeukia.

"Hiyo ni rozela yangu?"

"Inavuja!" nikamjibu. "Unaona? Raba imekwisha! Inavuja!"

Katika ukumbi ule nilikuwa peke yangu mwenye furaha.

Raba mpya ilikuwa na bei ndogo kuliko sukari iliyokuwa ndani ya lile jagi. Siku ilipofungwa pampu ikalala, na tangu hapo haijawahi kusema nnng-ka bila mtu kufungua koki. Shangazi alirudi Pangani akiwasimulia watu kwamba ubani wake umefanya kazi, ila ulichelewa kwa sababu ya plastiki.

Ikabaki kazi ngumu kuliko zote: kumweleza mwenye nyumba. Alipokuja kuchukua kodi nilimpangia risiti mezani moja moja: za klipu, za washa, ya raba ya choo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizi ni za nini?"

"Za mabomba, Mzee. Yalikuwa yanapiga kelele, nikayatengeneza. Nikaona tukatane kwenye kodi."

Akainamisha kichwa, akatega sikio. Ilikuwa saa tano asubuhi, mtaa hauna maji, boya limelala, bati ndiyo kwanza linapata joto. Hakuna kilicholia.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo, Mzee. Yametengenezwa."

"Basi kama hayalii," akasema, akinirudishia risiti zangu kwa upole, "unadai kwa ajili ya nini?"

Kikohozi hakikutengenezeka, maana hewa ni ya mtaa mzima na mimi ni mpangaji wa upande mmoja tu. Bomba linaendelea kukohoa saa tisa, na majirani wanaendelea kunigongea dirisha. Wiki iliyopita dalali alileta mtu wa kupanga upande wa pili wa nyumba. Nilikuwa barazani, nikamsikia mwenye nyumba akimtembeza mgeni wake na kumsifia vigae, dari, na nafasi ya kuegesha pikipiki. Walipofika bafuni akapandisha sauti.

"Na maji hapa ni ya uhakika. Tena nyumba hii ina kitu ambacho nyingine hazina: yakiingia, bomba lenyewe linakuarifu. Huna haja ya kuamka kila saa kuchungulia."

Kwa huduma hiyo kodi ya upande ule imepandishwa. Kijana amelipa, amehamia, na jioni yake ya kwanza alikuja kujitambulisha, mstaarabu sana, mkononi amebeba ndizi mbivu za kunizawadia.

"Shikamoo, Mzee. Nimeambiwa bomba la hapa huwa linakohoa maji yakija."

"Marahaba. Linakohoa."

"Sasa Mzee, mimi tatizo langu nalala fofofo. Likikohoa, nilikuwa naomba unigongee ukutani."